Mashine ya kidole ya mahudhurio: anza na mikono ya watu wako

Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa kuangalia bei. Nasimamia yadi ya matofali pembezoni mwa Dar es Salaam, vijana ishirini na kitu, na daftari la mahudhurio lilikuwa limenichosha: mtu mmoja anawasainia watatu, na kila aliyeingia ameingia "saa 1:00 kamili". Dukani tuliijaribu kwa kidole changu na cha muuzaji, ikasoma hapo hapo. Sote wawili tunashinda na kalamu. Siku ya tatu yadini, fundi wetu wa kuchanganya saruji aliweka dole gumba mara nane, na mara zote nane mashine ikamjibu ajaribu tena. Saruji ilikuwa imeshailamba ile ngozi hadi ikawa laini kama kioo. Foleni ilitoka nje ya geti, na daftari likarudi mezani kabla ya saa mbili.

Kwa hiyo kabla ya kutaja mashine yoyote, tuone inachokitafuta. Ncha ya kidole ina matuta madogo yanayokwenda kwa mistari. Kwa watu wengi mistari hiyo imejikunja kama kitanzi, kwa wengine imezunguka kama kisima, na kwa wachache imepinda kama tao. Lakini umbo hilo la jumla halitoshi kumtambua mtu, maana vitanzi ni vya watu kibao. Kinachotambulisha ni vijisehemu vidogo ambapo mstari unakatika au unagawanyika panda. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alivieleza kwenye kitabu chake cha 1892, na wataalamu bado wanavitaja kwa jina lake. Mashine inapiga picha, inatafuta hizo ncha na panda, inaandika kila moja iko wapi na imeelekea upande gani, kisha inahifadhi orodha hiyo ya namba. Kwa kawaida mashine za mahudhurio huhifadhi namba hizo na si picha yenyewe. Kesho yake ukiweka kidole, inatengeneza orodha mpya na kuilinganisha na ya jana. Hazifanani asilimia mia hata siku moja, kwa sababu kidole kimekaa upande, kimebonyezwa zaidi, au kina jasho. Mashine inauliza tu kama zimekaribiana vya kutosha.

Hilo neno "vya kutosha" ndilo lenye mambo. Ukilegeza kipimo, mtu anaweza kupita kwa jina la mwenzake. Ukikikaza, mwenye haki anabaki getini. Mashine nyingi zinakuruhusu kukibadilisha kipimo hicho kwenye menyu, na muuzaji asiyejua kiko wapi huyo ni wa kukuuzia maboksi tu.

Jambo jingine ni idadi ya watu. Wengi mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, 2019 hadi Januari 2020: ulitaja kwanza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndipo ukaweka kidole. Hapo kidole kililinganishwa na kumbukumbu ya mtu mmoja tu. Mashine ya ukutani haijui nani amekuja, kwa hiyo inalinganisha na wote. Chukua mfano wa mashine inayokosea mara 1 katika ulinganisho 100,000. Ukiwa na wafanyakazi 200, kila mmoja amesajili vidole viwili, hiyo ni kumbukumbu 400 kwa kila kidole kinachowekwa, na uwezekano wa kumfananisha mtu na asiye yeye unapanda hadi kama 1 katika 250. Kwa watu kumi na tano usijali. Kwa mia mbili, weka utaratibu wa kuandika kwanza namba fupi ya kazi kisha kidole.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza, kwa duka, ofisi, zahanati au shule yenye watu wasiozidi hamsini, naiweka mashine ya ukutani inayosoma kwa mwanga, yenye betri ya ndani na sehemu ya kadi. Ile yenye kioo kinachowaka taa kwa chini. Mwanga unapiga kioo kwa ndani. Tuta linapogusa kioo mwanga unapotea na kuonekana mstari mweusi, na bonde lisipogusa panabaki peupe. Kioo chake ni kigumu, unakifuta kwa kitambaa na maisha yanaendelea. Betri si pambo. Umeme ukikatika saa 12 asubuhi na mashine ikazima, siku nzima ya malipo inakuwa ya kubishaniwa. Kadi ni kwa yule ambaye kidole chake kitakataa, na atakuwepo tu. Mashine za kampuni ya ZKTeco zimejaa Kariakoo na mafundi wamezizoea, jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Hakikisha inatoa taarifa kwa fleshi, faili lifunguke kwenye Excel bila programu ya kulipia kila mwezi.

Ya pili, na kwa yadi kama yangu ndiyo ya kwanza: mashine inayosoma uso pamoja na kidole. Najua mada ni vidole. Lakini kwa waashi, wavuvi, wafua nguo na wapara samaki, vidole havina la kusomwa kila siku ya kazi, na uso haumenywi na saruji. Kidole unakiacha kwa karani na mhasibu. Angalia tu itafungwa wapi: jua la asubuhi likipiga moja kwa moja kwenye kamera, nayo inaanza kubahatisha.

Ipo pia aina ya kidole inayotumia mianga ya rangi kadhaa na kuona hadi chini ya ngozi ya juu, ambako michoro ile ile imejirudia. Vifaa vya Lumidigm vya kampuni ya HID hufanya kazi hivyo, na vinavumilia kidole kikavu, chenye maji au kilicholika. Ni vizuri sana na bei yake inaumiza. Naiweka ya tatu kwa sababu hiyo ya bei tu.

Ya nne ni kisomaji kidogo cha mezani cha kuchomeka kwenye kompyuta, kama DigitalPersona 4500 au SecuGen Hamster Pro 20. Kwa SACCOS au kliniki inayotaka kumthibitisha mteja aliyekaa mbele ya karani, ningekipandisha hadi juu kabisa. Kwa mahudhurio kinakufunga kwenye kompyuta moja, na kompyuta ikifa umekwama. Ukali wa picha usishuke chini ya nukta 500 kwa inchi, kipimo ambacho hata FBI wanakitumia. Kabla ya kulipa, uliza kama programu yako inaongea na kifaa hicho; nimemwona mtu akibaki nacho kama pambo la meza.

Visomaji vidogo vya chaji za umeme, vile vyembamba vinavyofanana na vya nyuma ya simu, vinasoma vizuri na si rahisi kuvidanganya kwa picha ya karatasi. Ila eneo lake ni dogo, jasho linavisumbua, na mlango wa watu wengi unavichosha. Viache kwenye simu na kompyuta.

Kufuli za kidole za bei ya chee sizipangi. Nunua kufuli la funguo.

Usidhani bei kubwa imemaliza udanganyifu. Mwaka 2002 mtafiti Tsutomu Matsumoto na wenzake huko Yokohama, Japani, walitengeneza vidole vya jelatini, ile ile ya kupikia, wakazidanganya mashine nyingi walizozijaribu. Kwa mahudhurio ya yadi hakuna atakayehangaika hivyo kwa ajili ya posho ya siku moja. Kwa mlango wa stoo ya dawa au chumba cha fedha, kidole peke yake hakitoshi, ongeza namba ya siri.

Siku ya kusajili ndiyo inayoamua miezi inayofuata, na watu huifanya haraka haraka. Sajili vidole viwili kwa kila mtu, kimoja kila mkono, ili aliyejikata kwa panga asifungiwe nje. Bonyeza tumbo la ncha ya kidole, si pale karibu na kucha. Kidole kikavu kipake mafuta kidogo sana au kipulizie pumzi ya mdomo. Chenye jasho kifute. Bibi harusi mwenye hina mbichi msajili baadaye. Hata waombaji wa viza ya Uingereza huelekezwa waende bila hina kwenye ncha za vidole.

Halafu kuna sheria. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za kibayometria kuwa nyeti. Kenya ina yake ya 2019. Nywila umeibiwa unabadilisha, kidole hubadilishi. Waambie wafanyakazi unachukua nini na kwa kazi gani, badilisha namba ya siri iliyokuja na mashine, na anayeacha kazi mfute. Mashine ya zamani usiiuze mtumba kabla hujaisafisha.

Safari ya pili dukani sikwenda peke yangu. Nilimchukua yule fundi wa saruji na dada anayeosha vyombo kantini, wakajaribu mashine nne kwenye kaunta huku muuzaji akikunja uso. Tatu zilimkataa fundi. Ya nne ilimsoma uso mara ya kwanza, na dole gumba la dada mara ya pili. Niliichukua hiyo, na kwenye risiti nikaomba iandikwe kwa kalamu: irudishwe ndani ya siku saba ikishindwa yadini.