Kadi ya AUX ya redio za Eclipse: nimeitumia, naipendekeza

Redio ya maikrowevu, ile inayounganisha vituo vya mawasiliano kwa mawimbi, ikisifiwa, husifiwa kwa megabiti inazobeba. Mimi naisifu kadi isiyobeba hata simu moja ya mteja: AUX, inayochomekwa kwenye INU (kisanduku cha ndani cha kadi) ya redio za Eclipse. Kazi yangu ni vituo vya marudio vya milimani, vinavyopokea mawimbi na kuyarusha mbele, ambako mvua ikikolea gari halipandi. Huko nataka kujua diseli imeshuka kabla jenereta haijazimika, na kadi hii hunijulisha.

Usoni ina soketi tatu za data, na moja ndogo ya pini 26 kwa ajili ya alamu. Kila mlango wa data hupitisha kilobiti 64 kwa sekunde kwa njia ya sinkronasi (pande mbili zikifuata saa moja), au hadi 19.2 kwa asinkronasi (bila saa ya pamoja). Ni kidogo, lakini kidhibiti cha jenereta au rektifaya (kigeuza umeme wa AC kuwa DC) ya zamani yenye mlango wa seri haihitaji zaidi ya hapo. Sitaongeza neno kuhusu data. Inafanya kazi yake.

Utamu uko kwenye alamu. Unapata viingilio 6 na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) 4 za kutolea, na kiingilio cha kituo kimoja unaweza kukielekeza kwenye rilei ya kituo kingine cha Eclipse ndani ya mtandao uleule. Mlango wa shelta ukifunguliwa mlimani, taa inawaka kwenye chumba cha zamu mjini, hata kama aliyepo hana kompyuta mbele yake. Mlinzi anaelewa, fundi anaelewa. Kwa vituo visivyo na njia nyingine ya mawasiliano, sijaona kitu rahisi kuliko hiki.

Sasa tahadhari, na hapa naomba mafundi wenzangu wasome taratibu. Viingilio hivi ni vya TTL, yaani ishara za volti ndogo: chini ya volti 0.8 ni sifuri, juu ya volti 2 ni moja, na kiwango chake kinaishia kwenye volti 5. Umeme wa kituo ni volti -48. Usithubutu kuuleta moja kwa moja kwenye pini hizo. Weka rilei ndogo katikati, au tumia swichi ya kihisi isiyo na umeme wake. Kisha chagua kontakti inayokuwa imefunga wakati mambo ni shwari. Hivyo panya akikata waya, au mwizi, unapata alamu. Ukiunganisha kinyume, waya uliokatika utakaa kimya na wewe utaamini kituo ni kizima. Nimekuta kituo ambacho mkandarasi alisokota nyaya za kihisi cha mafuta na kuzizungushia selotepu; alamu ilikuwa haijafika mjini tangu afunge, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyeijaribu. Ninapopokea kazi siku hizi, kila kihisi nakigusa mwenyewe huku mwenzangu akiwa kwenye simu upande wa pili akithibitisha.

Yapo nisiyoyapenda. INU ya yuniti moja ya raki ina nafasi 4 tu za kadi. AUX inakula moja, na siku ukitaka kuongeza linki utaanza kuhesabu. Soketi ya pini 26 ina pini zilizobanana mno kuchomelea juu ya mlima, kwa hiyo leta kebo iliyokwisha kutengenezwa na uimalizie kwenye krone (kipande cha kuungia nyaya), ukiandika jina la kila waya. Jambo zito zaidi: alamu inasafiri kwenye redio ileile inayoilinda. Linki ikikatika na huna pete (linki zilizozunguka hadi zikakutana) wala njia ya pili, zinakatika pamoja.

Kwa kituo kipya chenye IP kila mahali, ningenunua kidhibiti cha saiti kinachotuma taarifa kwa SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao. Kwa aliye na Eclipse tayari, chukua AUX. Kwenye soko la vifaa vilivyotumika utakutana na majina matatu, kwa kuwa Stratex, kampuni iliyotengeneza Eclipse, iliungana na kitengo cha maikrowevu cha Harris mwaka 2007 ikaitwa Harris Stratex, na tangu 2010 inaitwa Aviat. Muuzaji akikuonyesha kadi, mulika tochi kwenye soketi ya pini 26 kabla ya kutaja bei: pini zake ni nyembamba, na iliyopinda ni shida kuinyoosha.