Skana ya rada ya kuangalia ndani ya zege, miezi minne nayo saiti

Wadau mimi ni fundi wa AC na mabomba hapa Dar, nusu ya kazi yangu ni kutoboa slabu na kuta za watu, na mwaka jana nilikata nondo mbili za bimu kwenye nyumba ya mteja Mbezi, injinia wake akanifokea mbele ya vijana wangu mpaka nikakosa pa kuweka uso. Ndo nikajichanga nikanunua hii skana ya mkononi, yuzdi.

Ina magurudumu madogo, unaiburuza ukutani kama unapiga pasi, inatuma mawimbi ya maikrowevu (ndugu wa yale ya jikoni ila nguvu kiduchu, haipashi hata chai) yakikuta kitu tofauti na zege yanarudi. Nondo kwenye skrini haionekani kama nondo bana, ni kilima, na kileleni ndo ilipo. Ukipita mlalo halafu wima kila sentimita 10 inakujengea picha kama ramani, wavu wote unauona. Siku ya kwanza nikachora kwa chaki, nikatoboa katikati, drili ikatokea upande wa pili haijagusa chuma, aisee nilicheka peke yangu.

Kile kifaa cha sumaku cha kutafutia nondo kinajua chuma tu, hii inaona hadi konduti za plastiki (mabomba ya kupitishia nyaya) na mashimo ndani ya zege.

Sasa muuzaji aliniambia inaona kila kitu. Wapi! Zege la wiki mbili skrini ni ukungu mtupu, maji yanakula mawimbi, na ukuta wa bafu linalovuja ndo usijisumbue. Nondo zikibanana huoni kilicho nyuma yake. Kama nondo ni ya milimita 12 au 16 haikwambii, hiyo utajua mwenyewe. Kina cha nondo nacho inakisia kulingana na aina ya zege unayoichagulia, mimi ilinipiga chenga karibu sentimita 2 mpaka nikajifunza kutoboa katundu kadogo hadi kwenye nondo moja, napima kwa tepu, halafu ndo naiseti.

Plasta ikiwa rafu magurudumu yanaruka na picha inakatika, natandika kipande cha kadibodi chembamba napita juu yake.

Tangu niwe nayo sijakata nondo hata moja. Bomba nimetoboa moja, na lilikuwa kwenye ukuta wa bafu.