Meza ya mbao za jahazi: kazi nzuri iliyofichwa chini

Meza niliyoinunua mwezi wa Machi katika karakana moja kando ya Barabara ya Ngong imetengenezwa kwa mbao za jahazi lililomaliza maisha yake Lamu. Kwa miezi mitano sasa imekaa sebuleni kwangu Buruburu ikibeba vitabu na viwiko vya wageni bila kulegea. Niliilipia shilingi 42,000, bei ambayo wengi wataiona kubwa kwa meza fupi ya futi nne, lakini mbao ni bambakofi nzito iliyokauka barabara, na viungo vyake vimechongwa vikaingiana badala ya kupigiliwa misumari tu.

Kasoro iko juu. Fundi aliziba matundu yote ya misumari ya zamani kwa vumbi la mbao na gundi, akapiga msasa, kisha akapaka vanishi nzito hata uso ukang'aa kama kioo. Upande wa chini, ambako hakugusa, kila tundu lina duara jeusi la kutu, na katika mshono mmoja umesalia uzi wa kalafati, pamba iliyozibiwa kati ya mbao ili maji yasiingie, ambao ukiusugua kwa kidole bado unatoa harufu ya sifa, yale mafuta ya papa. Siku ya kwanza niliipindua meza sakafuni nikakaa nayo karibu nusu saa.

Karatasi iliyobandikwa mguuni inataja masultani na mapenzi ya baharini, na hilo lilinisikitisha, kwa kuwa Lamu ilikuwa bandari ya kazi. Mikoko ilikatwa vijitoni, ikapangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikahesabiwa kwa korja, yaani vipande ishirini ishirini, kisha ikapakiwa katika majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi na kungoja ule wa kusi yarudi Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kuezekea ilikuwa adimu. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Mwaka wa 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza miti hiyo nje ya nchi, na majahazi mengi yakapoteza shehena yake kubwa. Mji wa Kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, na wageni huenda kutazama milango iliyochongwa. Mimi nataka watoto wangu hapa Nairobi wawajue pia wakata mikoko, wapakizi na mafundi wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, waliounda vyombo.

Huduma ni ya kuaminika. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, nikapiga simu, na siku ya tatu fundi alikuja mwenyewe akaurekebisha bila malipo. Nilipomwonyesha matundu ya chini alinieleza, "Mama, wateja huyaona wakadhani mbao imeliwa na bungua." Nilimsimulia habari za misumari na kalafati, akasikiliza hadi chai ikapoa. Nimeagiza benchi la mbao zilezile, na tumekubaliana matundu yaachwe wazi na mafuta mepesi yatumike badala ya vanishi. Atakayenunua kwake aseme hivyo mapema, kabla msasa haujapita.