Siku tisa ndani ya gari-nyumba Virginia: uzoefu wangu

Mwishoni mwa Aprili mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tulikodi gari-nyumba kwa siku tisa, tukazunguka Virginia kuwaona ndugu na marafiki ambao tangu tuhamie Marekani tulikuwa tunawaona kwenye simu tu. Kwa asiyelijua, ni gari lenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu, vyote nyuma ya kiti cha dereva. Letu lilikuwa la futi 25, lile lenye kitanda kinachotokeza juu ya kichwa cha dereva. Leseni yangu ya kawaida ilitosha.

Nitakodi tena, hilo sina shaka nalo. Ila kuna mambo ambayo safari nyingine sitayaacha bila kuyakagua, na moja ni betri.

Kwanza nieleze kwa nini tulichagua gari badala ya hoteli. Watu wanne mkiingia nyumbani kwa mtu, hata awe ndugu wa damu, lazima kuna watoto watakaohamishwa vitandani mwao. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi tulitaka kukaa siku tatu kwa shangazi yangu karibu na Front Royal. Tuliegesha kando ya gereji yake. Usiku wa kwanza alikuja na mablanketi mawili, akasimama mlangoni: "Yaani mlale nje kama vile nina ubaya na nyinyi?" Nikampandisha ndani, nikamwonyesha vitanda, taa, maji ya moto. Alikagua kila kabati. Siku ya tatu saa kumi na mbili asubuhi ni yeye aliyekuwa anagonga mlango, kikombe mkononi, anataka kunywa chai kwenye meza yetu ndogo.

Umeme wa nyumbani kwake tuliutumia kupitia adapta, na hapa mjihadhari. Gari la aina hii limeundwa kwa soketi ya ampea 30, lakini soketi ya gereji mara nyingi ni ya ampea 15, yaani wati 1,800 tu kwa umeme wa volti 120. Hita ndogo peke yake inakula wati 1,500. Mke wangu alipowasha maikrowevu hita ikiwa inafanya kazi, swichi ilikata, gereji nzima ikawa giza. Baada ya hapo tukawa tunawasha kimoja kimoja, na hatukupata shida tena.

Kutoka Front Royal tulipanda Skyline Drive, barabara ya maili 105 inayopita juu ya milima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah. Kabla ya kuondoka nilipima kimo cha gari kwa futi ya kamba, binamu yangu akiwa juu ya ngazi, kwa sababu kwenye maili ya 32 kuna handaki la Marys Rock ambalo gari linalozidi kimo cha futi 12 na inchi 8 halipiti. Kampuni iliyotukodisha haikuwa imebandika kimo popote. Tulipata futi 11 na inchi 3 pamoja na kiyoyozi cha juu. Usikisie jambo hili, pima.

Mwendo unaoruhusiwa huko juu ni maili 35 kwa saa, na sikutamani zaidi. Bonde lilikuwa limeshakuwa kijani kibichi, miti ya redbud ina maua ya rangi ya waridi matawi mazima. Kadiri tulivyopanda majani yakawa madogo, kisha yakawa machipukizi, kisha matawi matupu, kama mtu anayerudi nyuma kwenye kalenda. Binti yangu alituonyesha trillium chini ya miti, maua meupe yenye petali tatu. Tulisimama karibu kila penye sehemu ya kutazamia.

Tulilala Big Meadows, kambi iliyoko maili ya 51. Hakuna soketi ya umeme pale wala bomba la kuunganisha gari; unaishi kwa gesi, betri na maji uliyobeba. Jioni ilikuwa tulivu, paa walikuwa wanakula majani karibu kabisa na sisi. Lakini usiku baridi ilishuka chini ya sifuri, na saa kumi alfajiri kengele ikaanza kulia. Nilidhani gesi inavuja, nikawatoa wote nje na mablanketi. Kumbe kifaa cha kunusa gesi kilikuwa kinalalamika kwamba umeme umepungua. Hita inachoma gesi, sawa, ila feni yake inaendeshwa na betri, na betri tuliyopewa ilikuwa imechoka, haikuweza kumaliza hata usiku mmoja. Jenereta kambini inaruhusiwa kwa masaa maalumu ya mchana tu. Tulikaa watu wanne kitanda kimoja mpaka kukapambazuka. Niliilalamikia kampuni niliporudisha gari, wakanirudishia malipo ya usiku mmoja. Haki yetu, lakini ukikodi waambie wapime betri mbele yako.

Kumwaga maji machafu si kazi ngumu kama watu wanavyotisha. Vaa glavu, funga vizuri mpira wa kutolea maji, fungua kwanza tangi la choo, kisha la maji ya sinki na bafu ili yasuuze mpira. Dakika kumi na tano umemaliza.

Skyline Drive inapoishia, Rockfish Gap, ndipo Blue Ridge Parkway, barabara nyingine ya milimani, inapoanza. Sisi tuliionja kidogo tu, kisha tukashuka barabara kuu ya Interstate 81 kuelekea mji wa Roanoke. Huko malori makubwa yakikupita upepo wake unalisukuma gari pembeni, shika usukani kwa mikono miwili. Mafuta yanakwenda: galoni moja ilitupeleka maili tisa hivi.

Rafiki yangu wa Roanoke anaishi mtaa ambao chama cha wakazi hakiruhusu magari ya aina hii kuegeshwa. Aliomba ruhusa wiki mbili kabla, tukapewa siku mbili. Angenyamaza, tungefukuzwa usiku. Watoto wake waliomba kulala kwetu, tukawa sita ndani, na mvua inapiga paa usiku kucha. Nilikuwa sijawasikia wanangu wakicheka vile kwa muda mrefu.

Tumeshaweka nafasi ya Oktoba, kwa kampuni nyingine. Shangazi anakuja nasi, na kitanda cha nyuma ameshakitaka kiwe chake.