Kianzio cha gari la umeme Mwanza: niliingia namba 47, nikarudi nikakuta nipo 61

Nimekaa na hili jambo tangu mwezi wa saba, nikasema ngoja hasira zitulie kwanza maana ukiandika na hasira unaweza kumwonea mtu. Sasa zimetulia. Naongelea huduma ya kuweka oda ya gari la umeme kwenye yadi moja hapa Mwanza. Jina la yadi sitaji, na la kampuni inayotengeneza gari sitaji, wale vijana wa mauzo pale wana familia na mengi yaliyotokea hayakuwa mikononi mwao.

Mimi ni dereva teksi, nina IST ya 1300, ya kwangu, sio ya hesabu, mwaka wa sita huu nipo barabarani. Kwa siku natembea kama kilomita 130 hivi, stendi ya Nyegezi, Buzuruga, Rock City Mall, Airport, Igoma, narudi mjini. Kwa gari yangu hizo ni lita 9 na kitu, na lita wakati ule ilikuwa inazunguka elfu 3, kwa hiyo kabla sijala, sijalipa mkopo, sijanunua tairi, elfu 28 imeshaingia sheli. Kila siku. Kwa hiyo niliposikia kuna kagari kadogo ka umeme ka Kichina kanakuja na yadi inapokea oda, sikuenda kushangaa, nilienda na daftari.

Nianze na gari lenyewe kwa sababu hapo sina ugomvi, gari ni zuri. Mwezi wa pili walileta moja la kuonyesha, likakaa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, na mimi niliwahi Jumamosi asubuhi kabla watu hawajajaa. Nikawaomba nisizungushwe pale barabarani kwenye lami tambarare, nikasema tupandishe Isamilo, afu tukatokee Bugando, tuwe watu wanne na AC iwe imewashwa, maana hiyo ndo Mwanza yangu mimi, mji wa mawe na milima. Dada wa mauzo hakubisha, akaingia mbele, tukawachukua na jamaa wawili waliokuwa wanasubiri zamu yao.

Lile gari linapanda kama halijabeba mtu. IST yangu pale Isamilo ikiwa na abiria wanne nazima AC, hiyo ni kila siku, lakini hili halikupiga kelele wala kutetemeka, unakanyaga linakwenda. Na kushuka ndo kuna raha yake, ukiachia pedeli lenyewe linajishika na umeme unarudi kwenye betri, niliona kwa macho yangu pale kwenye skrini. Tulitoka na asilimia 78 tukarudi na 71, kilomita 14. Betri yake ni ya kilowati-saa 30, yaani uniti 30 za luku, kwa hiyo piga hesabu, asilimia 7 ni kama uniti 2 nukta 1 kwa kilomita 14, ikijaa kabisa inakupeleka kilomita 200 kwa milima yetu. Karatasi yao imeandikwa zaidi ya 300. Sikuwaita waongo, kipimo cha Kichina kinajulikana kuwa na huruma sana, wanapima kwa mwendo wa taratibu, ila muuzaji anayewajua wateja wake angesema mapema kwamba mzee hapa Mwanza tegemea 200. Dada nilipomwambia alinyamaza kidogo afu akasema "kaka hiyo hesabu yako naomba uniandikie." Nikamwandikia. Huyo dada nampa nyota zote.

Sasa njoo kwenye pesa. Uniti 20 za siku yangu, ongeza kidogo inayopotea kwenye kuchaji, tuseme 22, kwa luku ya kawaida ya shilingi 356 hivi kwa uniti, haifiki elfu 8. Toka elfu 28 mpaka elfu 8. Elfu 20 kwa siku inabaki mfukoni! Hiyo ndo ilinifanya nitoe kianzio siku ileile, laki 5, kwa lipa namba, nikapewa namba yangu kwenye foleni: 47. Gari lilitakiwa kufika mwezi wa sita.

Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Wakati natoa simu kulipa, kijana mwingine wa mauzo (sio yule dada) aliniambia maneno haya: "Kaka wahi, tumeshafika watu zaidi ya 40 kwa siku moja na nusu, ni kama ile Tesla ya Marekani, watu walipanga foleni gari halijatoka." Ikanikaa kichwani. Nilivyorudi nyumbani nikaanza kusoma hiyo habari ya Tesla, na nasikitika niliisoma baada ya kulipa badala ya kabla.

Ni kweli watu walipanga foleni. Tarehe 31 Machi 2016 Tesla walionyesha gari lao jipya la umeme, Model 3, watu wakaweka dola 1,000 kila mmoja, siku ya kwanza tu oda zikapita 180,000, wiki haijaisha zikawa kama 325,000. Ila kijana hakunisimulia mbele ya hapo. Magari ya kwanza yalikabidhiwa Julai 2017, yalikuwa 30, na mengi yalikwenda kwa wafanyakazi wao. Agosti mwaka huohuo kampuni yenyewe ikasema kati ya oda kama 518,000 zilizowahi kuwekwa, 63,000 zilikuwa zimeshafutwa. Miezi mitatu ya mwisho ya 2017 walitengeneza magari 2,425 tu ya Model 3. Kasi waliyoahidi ya magari 5,000 kwa wiki waliifikia mwisho wa Juni 2018. Na ile bei ya dola 35,000 iliyowafanya watu walale nje ya maduka, gari la bei hiyo lilianza kuuzwa Februari 2019, karibu miaka mitatu baada ya foleni. Halafu Wamarekani walikuwa na nafuu ya kodi ya serikali ya dola 7,500 kwa gari la umeme, ikaanza kukatwa nusu Januari 2019 kwa sababu kampuni ilishauza magari 200,000 nchini mwao, kwa hiyo aliyekuwa nyuma ya foleni alisubiri zaidi na akapata nafuu ndogo zaidi.

Ila angalau mwishoni Tesla waliyatoa na yakauzwa sana. Mfano ulionigusa zaidi ni wa Ford, ile pikapu yao ya umeme F-150 Lightning ya 2021. Kianzio dola 100 tu, unarudishiwa ukitaka. Oda zikafika 200,000 hivi mpaka wakafunga kupokea. Walipoanza kuuza bei ikapanda mara kadhaa, na mwaka 2023 mzima Marekani wakauza 24,165, mwaka 2024 wakauza 33,510. Watu laki mbili walisema nataka! Kusema nataka kwa dola 100 ambayo utarudishiwa, na kutoa dola elfu 50 mkononi, ni vitu viwili tofauti kabisa, na muuzaji anayekuonyesha foleni anakuonyesha hicho cha kwanza.

Nikarudi kuiangalia foleni yetu kwa jicho hilo. Jumamosi ile niliongea na watu kama saba pale yadini. Wawili walikuwa wafanyabiashara wa Kirumba, sangara na dagaa, wanataka gari la pili la nyumbani. Mmoja mwalimu, alikuwa hajui analipaje iliyobaki. Mzee mmoja wa Pasiansi, mstaafu, nilimpa shikamoo yake akaniitikia na "mwangaluka" juu, salamu ya Kisukuma, alikuwa na hela yote tayari na paa lake lina sola, yeye ndo niliona huyu ni mteja kweli. Na mimi. Sasa katika wote hao, hakuna aliyeulizwa swali hata moja: unakaa wapi, utachajia wapi, kwa siku unatembea kilomita ngapi, unalipa keshi au mkopo. Jina, simu, laki 5, namba. Basi.

Mimi swali la kuchajia lilikuwa linanihusu haswa. Nyumba ninayokaa tuko wapangaji wanne, luku moja, tunachangia, na ugomvi wa luku wanaopanga wanaujua, mtu akinunua pasi tu kikao kinakaa. Uniti 22 kila usiku nitazificha wapi? Ilibidi niongee na mama mwenye nyumba, nikaweka mita ndogo ya ndani kwa hela yangu, fundi akavuta waya mnene mpaka kwenye kibaraza kwa sababu soketi ya kawaida na ekstensheni ya dukani inaungua ukiivutisha masaa 9 mpaka 10 mfululizo. Hiyo yote nimeitafuta mwenyewe, yadi hawakuniambia lolote. Na safari za Geita je? Tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe mwaka 2025 tumeacha kulala kwenye foleni ya kivuko, abiria wa Sengerema na Geita wameongezeka, lakini Geita kwenda tu ni zaidi ya kilomita 100, kwenda na kurudi inapita ile 200 ya betri. Niliuliza Geita nitachajia wapi, kijana akasema "zitakuja tu, kaka."

Mwezi wa sita ukapita kimya. Sio meseji, sio simu. Statasi zao za WhatsApp ndo zilikuwa zinasema "oda zimefika 100, usiachwe." Mwezi wa saba nikaenda mwenyewe, nikaomba nionyeshwe nipo namba ngapi sasa maana najua wengine walishajitoa, nilitegemea niambiwe 40 au 35. Kijana akafungua kompyuta. 61.

Nikadhani amekosea akaangalia tena. 61. Ikabidi nikae. Kumbe walianzisha utaratibu kwamba anayelipa nusu ya gari anapanda juu ya wote waliolipa laki 5, na hawakumwambia mtu yeyote. Nikatoa risiti yangu, kweli imeandikwa kiasi na tarehe, ila namba ya foleni haipo, waliniandikia kwa peni kwenye kadi ya biashara. Bei haipo. Siku ya kufika haipo. Kurudishiwa haipo. Risiti inasema tu "malipo ya awali". Na bei yenyewe ilikuwa imepanda milioni 3 na nusu, wanasema ni dola na meli.

Kilichoniuma ni ile kurudishwa nyuma mpaka 61 kimyakimya. Mimi mtu wa stendi, foleni naijua. Pale Nyegezi teksi ya nyuma ikichukua abiria wa teksi ya mbele hapakaliki, na hakuna anayehitaji karatasi kulijua hilo. Kama wangenipigia wakasema kaka, kuna utaratibu mpya, ongeza au baki nyuma au chukua hela yako, ningechagua mwenyewe na nisingekuwa na neno.

Niliomba hela yangu. Ilirudi, nasema ukweli ilirudi yote, ila kwa wiki tano na safari nne za kwenda pale, na kila safari ni nusu siku ya kazi imekufa. Aliyenisaidia ni yule dada, alipiga simu Dar mbele yangu mpaka ikatoka, asante sana popote alipo.

Kwa hiyo nyota zangu: gari 4 kati ya 5, na ile moja nimeikata kwa sababu ya urefu wake kutoka chini, matuta ya Mabatini lilikwaruza mara mbili tukiwa wanne. Huduma ya oda 2, na hizo mbili ni za dada na hela kurudi. Kama unataka kuweka kianzio pale au yadi nyingine yoyote, usitoe shilingi mpaka risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na karatasi yenye mhuri viandikwe namba yako, bei, siku ya mwisho ya kusubiri na ndani ya siku ngapi utarudishiwa, na uulize foleni ikibadilishwa nani anakupigia. Na kaitafute kwanza mita na waya kabla ya gari. Mtu asikuambie mia wameshaweka, uliza mia hao wangapi wamemaliza kulipa.

Wengine wataniuliza kwa nini nisichukue Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Niliangalia. Zile za kwanza za betri ya uniti 24 zikishachoka zinakupa kilomita 80, 90, betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, kwa teksi ya siku nzima haitoshi. Kwa mama wa kwenda kazini na kurudi, ukikuta yenye vijiti vya betri 10 kati ya 12 (vile vya kwenye dashibodi vinavyoonyesha uzima wa betri), inafaa kabisa.

Mzee wa Pasiansi bado yupo kwenye foleni, yeye ni namba 9 sasa maana aliongeza hela. Juzi kanipigia, anasema wamemwambia meli imetoka. Tumekubaliana likifika tunalipeleka mpaka Usagara na kurudi, na siku moja tunavuka daraja mpaka Sengerema, mimi naandika asilimia kila kilomita 10. Mita yangu ndogo iko palepale kibarazani, haijang'olewa.