Siku mbili Isecheno, msitu wa Kakamega: maoni ya mtu aliyezoea Menengai

Mimi ni fundi wa friji, mkazi wa Nakuru, na wageni wakinijia najua pa kuwapeleka: Menengai, lile shimo la volkano. Gari linapanda hadi ukingoni, mnashuka, mnatembea hatua chache, na shimo lote hilo hapo mbele yenu. Upana wake ni kama kilomita 12 kwa 8, na kule chini mvuke wa visima vya umeme wa jotoardhi unapanda kama sufuria zilizosahauliwa jikoni. Mgeni anapiga picha, anasema "lo!", halafu anauliza nyama choma inapatikana wapi. Nusu saa inatosha kabisa.

Kakamega niliiendea kwa akili hiyohiyo, likizo ya Agosti, nikiwa na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja. Ndiyo maana siku ya kwanza nilirudi nimenuna.

Kwanza njia, maana hapa watu wengi hupotea. Msitu huu una milango miwili mikubwa na iko mbali mbali. Upande wa kaskazini ni Buyangu, ambao tangu 1985 uko chini ya Shirika la Wanyamapori kama hifadhi ya taifa. Unauingilia kutoka barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Upande wa kusini ni Isecheno, kituo cha Huduma ya Misitu, na huko ndiko nilikokwenda. Ukitoka Nakuru, panda gari la Kisumu, kisha la Kakamega, lakini usifike mjini: shuka Khayega. Hapo boda boda zimejaa, unakatia Shinyalu hadi msituni. Ukimwambia utingo "nashukia msituni" tu, bila kutaja upande, usimlaumu akikuacha kusikofaa.

Kosa langu lilikuwa kuingia mchana. Kosa la pili, lililonigharimu zaidi, ni kumkubali kijana aliyetuleta kwa pikipiki aliposema msitu wote anaujua, hakuna haja ya kutafuta mtu mwingine. Alitupitisha kwenye barabara pana ya vumbi jekundu, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Nikamwuliza mti mmoja mkubwa unaitwaje. Akautazama juu, akautazama chini, akasema, "Huo ni wa kitambo." Tukaenda hivyo saa nzima: miti ya kitambo kushoto, miti ya kitambo kulia. Tulimwona kima mmoja, mgongo. Kisha akataka alipwe bei ya mwongoza wageni. Tulibishana kidogo, nikampa nusu, tukaachana bila kwaheri.

Jioni hiyo nilikuwa tayari kuwaambia watu wa Nakuru wabaki na shimo lao.

Kilichonigeuza ni mama muuza chai wa Shinyalu. Alinisikiliza nikilalamika, akanimiminia kikombe cha pili, akasema, "Baba, msitu haufunguliwi saa nane mchana. Tafuta wale wa pale kituoni, muingie kabla ya jua." Nikafanya hivyo. Pale Isecheno wapo waongozaji wenyeji waliofunzwa, vijana wa vijiji vya kando ya msitu, na unakubaliana nao malipo mapema. Tulipata dada mmoja wa makamo, buti za mpira miguuni, darubini shingoni. Alitusalimia kwa Kiluhya, "Mulembe", akatutazama viatu, akacheka.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa ndani. Giza la mle si giza la nje. Ukiinua mkono huuoni. Tukasimama, yule dada akazima tochi. Kukawa kimya, matone tu yakidondoka kutoka jani hadi jani. Halafu kikaanza.

Kazi yangu ni ya masikio. Friji kabla hujaifungua unaisikiliza. Basi nilichosikia kilikuwa kompresa ya zamani inayojaribu kuwaka na kushindwa: grrr-grrr-grrr, nzito, ya kutoka tumboni, mahali fulani juu ya vichwa vyetu. Ikanyamaza. Ikajibiwa na nyingine upande wa bondeni, kisha ya tatu mbali zaidi, hadi msitu mzima ukawa karakana yangu Jumatatu asubuhi. Mpwa wangu akanishika pindo la koti. "Mjomba, kuna stima huku?"

"Ni mbega," dada akanong'ona. "Kila dume anawaambia jirani zake amelala wapi, wasimkaribie."

Kulipopambazuka tukawaona, weupe na weusi, manyoya marefu yakining'inia mabegani kama shuka la mzee. Alitupa darubini tumtazame mmoja mkono. Vidole vinne. Kidole gumba hakipo, ni kinundu tu, na bado anaruka kutoka mti hadi mti bila kukosa tawi. Mtoto alitumia dakika kumi akijaribu kushika chupa ya maji bila gumba, ikamwangukia mguuni.

Tukapanda kilima cha Lirhanda. Ukifika juu ndipo unapewa mandhari ya aina niliyoizoea: ukungu umelala juu ya miti, jua linachomoza nyuma ya kuta za Nandi, na vilele vya miti mirefu vinatokeza kimoja kimoja. Dada akatuambia huu ndio msitu wa mvua wa kitropiki uliobaki Kenya, ncha ya mashariki ya ule uliowahi kuungana na misitu ya Kongo, na kwamba serikali ya kikoloni iliutangaza msitu wa hifadhi mwaka 1933. Ubavuni mwa kilima kuna pango lililochimbwa wakati wa homa ya dhahabu ya miaka ya 1930. Sasa wapangaji ni popo. Ingia ukipenda, mimi harufu ilinirudisha mlangoni.

Sehemu iliyonistahilia nauli ilikuja tukiteremka, na ilianza kwa mimi kuaibika. Nilikuwa nimesimama nikifunga kamba ya kiatu. Sikuhisi kitu. Siafu wana adabu moja mbaya: hupanda kimya, wakaenea hadi juu ya goti, ndipo wanauma wote kwa pamoja kama waliopewa amri. Nilikimbilia nyuma ya mti nikavua suruali, nikaanza kuwang'oa mmoja mmoja. Ukimvuta, mwili unakuja, kichwa kinabaki kimeng'ata. Huku nyuma nasikia mtu mzima na mtoto wanacheka hadi wanakohoa.

Niliporudi, nikitaka tuondoke haraka, dada alinizuia. "Ngoja kwanza, Baba. Siafu wakitoka, na ndege wanakuja." Tukasogea hatua sita, tukachuchumaa. Ule msafara ulikuwa mto mweusi unaotiririka kwenye majani makavu, askari wenye taya kubwa wamesimama kandokando. Mbele yake kila chenye miguu kilikuwa kinakimbia: panzi, buibui, mende wa msituni, jongoo. Na hapo ndipo ndege wadogo wa kahawia walipojitokeza, sijui walikuwa wapi muda wote. Hawali siafu. Wanasimama kwenye vijiti vya chini, wananyakua wale wakimbizi, wanarudi kijitini kupangusa mdomo. Mmoja alimnasa panzi karibu na buti la mpwa wangu, nadhani hata sentimita thelathini hazikufika, naye mtoto hakupumua. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa. Menengai sijawahi kukaa nusu saa nikitazama kitu kimoja, isipokuwa choma.

Baadaye akatuonyesha mukumu, wa jamii ya mkuyu. Mbegu yake huangushwa na ndege juu kwenye tawi la mti mwingine, inaota huko huko, inateremsha mizizi hadi chini, mizizi inanenepa, inaungana, na mti ulioipokea unabanwa mpaka unakufa na kuoza. Huu tuliouona ulikuwa mtupu ndani kama bomba. Mtoto aliingia, akasimama, akatazama mwanga juu. "Mjomba, mwenye nyumba alienda wapi?" Dada akamjibu yeye: "Alifukuzwa na mpangaji."

Ndege wakubwa pia tuliwapata. Hondohondo unamsikia mabawa kabla ya kumwona, sauti kama mtu anapunga mkeka. Na yule turako mkubwa wa buluu, kishungi kichwani, mdomo wa njano wenye ncha nyekundu, anayekimbia juu ya tawi kama kuku aliyeitwa mtama. Dada alisema aina za ndege humu zinapita 300. Nisiseme uongo, mimi nilishika labda saba.

Saa nane mvua ilitumwagikia bila kubisha hodi. Ya huko si ya kujikinga chini ya mti. Inanyesha mara mbili, kwanza kutoka mawinguni, halafu kutoka majanini. Nendeni na koti la mvua hata kama asubuhi mbingu ni safi, soksi ndefu mchomeke suruali ndani yake (mnajua kwa nini), na noti za kutosha mfukoni kwa chai na boda, kwa sababu simu yangu ilipoteza mtandao mara kwa mara. Wanaotafuta simba na twiga wabaki Ziwa Nakuru.

Kuhusu malazi sina jipya la kusifu. Nyumba ya wageni tuliyolala niliahidiwa maji moto kwa simu. Nikaletewa ndoo ya maji baridi na pole nyingi. Lakini ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji tuliokula Shinyalu ulifuta hasira hiyo yote. Kati ya nyota tano natoa nne na nusu, na hiyo nusu niliyoikata ni ya ndoo, msitu hauhusiki.

Buyangu tumepanga Desemba, maporomoko ya Isiukhu mpwa wangu ameshayaandika kwenye daftari.

Pale Khayega tukisubiri gari, mzee mmoja alikuwa anauza mukombero, ile mizizi ya kutafuna. Nikanunua kifungu. Mtoto akauma, akakunja uso wote, akataka kutema. "Vumilia kidogo," mzee akamwambia, "sasa kunywa maji." Akanywa. Akaitazama chupa, akanywa tena, halafu akanyoosha mkono achukue kipande cha pili kabla utingo hajatuita.