Karnauba ya laki mbili, na kijana aliyenigongea kopo

Nitaanza na kijana, nta itafuata. Najua mliokuja kusoma mnataka kujua kama inang'arisha au haing'arishi. Inang'arisha. Sasa niacheni nimalize ya kijana.

Gari langu ni Toyota Premio ya siku nyingi, rangi ya damu ya mzee. Mnaoishi Kampala mnajua rangi hiyo inavyoteswa: jua la ikweta juu, vumbi jekundu chini, na katikati vijana wa kuosha magari na sabuni yao ya unga ya kufulia, tambara moja kuanzia tairi mpaka kioo. Lilikuwa limeanza kupauka kwenye paa na boneti. Halijamenyuka, nashukuru, kwa sababu ile klia, tabaka angavu la juu ya rangi, ikishamenyuka hakuna nta ya bei yoyote itakayoirudisha, hapo unamtafuta fundi wa rangi na unafungua pochi. Lilipauka tu. Na mpwa wangu alikuwa na kwanjula Masaka, anakwenda kujitambulisha ukweni, na wazee wakaamua gari la kumbeba bwana harusi ni langu. Aliyewahi kwenda kwanjula ya Waganda anajua magari yanavyokaguliwa pale kabla hata kreti za soda hazijashushwa.

Nikaamua safari hii sitaki polishi ya kuuziwa dirishani kwenye foleni ya magari. Nataka nta ya karnauba, ile yenyewe.

Nilikwenda kwenye duka moja hapa mjini, sitalitaja, la vipodozi vya magari. Kioo mbele, kiyoyozi ndani, makopo yamepangwa dirishani jua linayapiga kutwa. Hilo la dirishani mliweke akilini. Nikamsalimu kijana kwa Kiswahili, maana mimi nimekulia Bombo na ndicho kinachonitoka kwanza. Akanipima juu mpaka chini, akauliza, "Mzee, umetoka kambini?" Wenzangu wa Tanzania na Kenya huenda msilione tatizo. Hapa kwetu bado wapo wanaokiona Kiswahili ni lugha ya wanajeshi, wakikisikia wanatafuta bunduki iko wapi. Nikacheka, nikaliacha lipite. Nikalipa laki mbili na chenji kidogo, nikachukua kopo langu, alilolitoa yeye pale dirishani kwa mkono wake, nikaenda zangu.

Jioni, gari limeshaoshwa na kukauka, limekaa kivulini, nikafungua. Nta imesinyaa, imeachana na ukingo wa kopo pande zote, na katikati ina ufa unaotosha kuingiza ukucha. Nikabonyeza kwa kidole gumba, haibonyei. Nikaikwangua kwa ile sponji yao ndogo iliyokuja na kopo, ukatoka unga. Laki mbili zangu, unga.

Kesho yake nikarudi. Sikurudi kwa vita, nawaapia. Nilirudi na risiti na kopo, nikaeleza kwa upole kwamba hii imekauka, nibadilishieni. Kijana akalichukua kopo, akaligeuza juu chini, halafu akachomoa kalamu iliyokuwa imekaa nyuma ya sikio na kuigonga nta yangu. Tok, tok. "Unasikia, mzee? Ugumu huo ndio uliolipia. Karnauba ndiyo nta ngumu kuliko zote za asili."

Kilichonichoma ni kwamba alilosema ni kweli. Karnauba inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende, unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, majimbo ya Ceará na Piauí na jirani zake. Mti unajipaka nta hiyo wenyewe ili ukame usiyakamue majani maji. Watu hukata majani, huyaanika juani, huyapigapiga mpaka unga wa nta utoke, kisha huuyeyusha na kuuchuja. Ndiyo hiyohiyo inayozipa peremende na vidonge mng'ao, soma pakiti utaikuta imejificha kwa jina la E903. Na ni ngumu, hakuna ubishi. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, wakati nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 hadi 64, na boneti iliyokolea rangi ikiachwa nje saa nane mchana inaweza kuzikaribia hizo za nyuki. Ndiyo sababu niliitaka karnauba tangu mwanzo.

Lakini karnauba tupu ni tofali! Hakuna binadamu anayeweza kuipaka kwenye gari. Kila anayetengeneza nta ya magari huichanganya na mafuta, na nta nyingine laini, na viyeyusho vya jamii ya tapentaini, mpaka iwe kitu ambacho sponji inakichukua. Hata yale maandishi ya "karnauba asilimia 100" mnayoyaona kwenye kifuniko yanasema aina ya nta iliyomo, hayasemi kopo zima ni karnauba. Sasa weka kopo la namna hiyo dirishani, jua la Kampala liliangukie kila siku, kifuniko hakijabana vizuri. Viyeyusho vinapanda hewani vinakwenda zao. Kinachobaki ndicho kile alichokuwa anakigonga kwa kalamu. Kijana alichukua ukweli wa Brazili akafunikia uzembe wa dirisha lake, na alifanya hivyo huku anatabasamu.

Nikamweleza yote hayo. Pengine kwa sauti ya juu kidogo. Akanijibu, "Wewe umezoea zile za barabarani." Halafu akachungulia nje kupitia kioo, akaiona Premio yangu. "Na kwa gari lile, mzee, hata ya elfu kumi inatosha."

Alikuwapo mama mmoja anasubiri huduma, ana funguo za gari jipya mkononi. Alitazama chini. Yeye alinionea aibu, na ndicho kilichoniuma zaidi. Kijana akamgeukia kwa Kiingereza kitamu kabisa, kopo langu akalisukuma kwenye kaunta kwa kidole kimoja, na juu ya risiti akanionyesha yale maneno yao kwamba mali ikishauzwa hairudi. Jirani yangu aliyesomea sheria ananiambia maneno hayo ya kwenye risiti si msahafu, kwamba tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 na muuzaji hawezi kuuza kitu kibovu akajificha nyuma ya karatasi. Sawa. Lakini nani atakwenda mahakamani kwa kopo la nta wakati kwanjula ni Jumamosi?

Kufikia hapa hukumu yangu ilikuwa moja: msinunue, si duka hilo, si nta hiyo, wala msiisogelee.

Aliyeniokoa ni Hajji, jirani yangu wa geti la pili, anayeendesha spesho, teksi ya kukodi. Aliliangalia kopo, akanusa, akasema, "Usiitupe, ndugu yangu. Beseni, maji ya moto ya kuoga, kopo limefungwa, liache humo." Nikataka kuharakisha kwa sigiri, akanishika mkono: ile ina viyeyusho vilivyobaki, itashika moto mkose nta na mkose jiko. Basi tukasubiri. Haikurudi kuwa laini sawasawa, viyeyusho vilivyokwenda vimekwenda, lakini ikakubali kuingia kwenye sponji.

Tukapaka nyembamba, nusu ya boneti kwa wakati mmoja. Nyembamba sana, hata unajiuliza kama umepaka kitu. Unasubiri mpaka ifanye ukungu, unapitisha kidole kujaribu, kisha unafuta kwa kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi, si tisheti ya zamani ya kampeni.

Na hapa, jamani, nalazimika kusema haki. Damu ya mzee ilirudi. Haikung'aa ile ya plastiki inayorusha mwanga machoni, ilipata kina. Unaona rangi iko chini, na juu yake kuna kitu kinachokufanya utake kugusa. Hajji akainama kwenye mlango wa dereva akajitazama ndevu zake, akazichezea, akasema Alhamdulillah, sijui kwa ndevu au kwa mlango. Nilimsahau kijana kwa muda wa nusu saa nzima.

Nikamkumbuka nilipofika kwenye bampa. Kwa kuwa nta ilikuwa bado na punje kavu, vipande vilidondokea kwenye zile plastiki nyeusi za pembeni na kwenye miungano ya milango, vikakauka vyeupe. Nta ikikaukia kwenye plastiki nyeusi haitoki kwa kufuta tu, inajichimbia. Nilikaa na mswaki mpaka adhana ya magharibi, kila doa nikilitajia jina la duka lile. Nta iliyo katika hali yake haidondoki unga namna hiyo, kwa hiyo kazi hiyo yote naiandika kwenye hesabu ya kijana.

Jumamosi tukaondoka. Msafara ulisimama kidogo Kayabwe, pale kwenye ikweta, vijana wapige picha, na watu wawili tusiowajua wakaja kuegemea gari langu wapigwe picha nalo. Baada ya Masaka tukaacha lami tukala murramu mpaka nyumbani kwa wenyewe, na tulipofika gari lilikuwa jekundu la aina nyingine. Nilikuwa na jeri la maji na sabuni ya kuoshea magari kwenye buti. Vumbi liliondoka kwa maji kabla sijasugua, likateleza lenyewe. Nikafuta haraka. Shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi, mwenye gomesi la kijani, lile vazi la heshima la kina mama wa Kiganda, akapitisha kidole kwenye mlango wa nyuma, akakitazama kidole, akamuuliza mwenzake kwa Kiganda kama gari hili tumelikodi wapi.

Tumelikodi wapi! Laki mbili zikanirudia zote pale pale.

Kwa hiyo niseme nini? Kama gari lako ni jeupe au la fedha, sikushawishi, mng'ao huu wa joto hutauona sana na utakuwa umejilipia kwa kujifurahisha. Kwenye nyeusi, nyekundu, bluu iliyokolea, damu ya mzee, ndiko karnauba inakojieleza. Haidumu, hilo nalo wauzaji hawalisemi. Zile nta za kemikali zinakaa zaidi, na seramiki zaidi tena. Hii ni ya wiki kadhaa, ukibahatika ifike miezi michache, na kwa mvua zetu na jua letu usibahatike sana. Mvua za kwanza matone yalisimama juu ya boneti manenemanene, ukiwasha gari yanakimbia. Kisha siku moja nilikuwa na haraka, nikaliacha kwa vijana wa kuosha karibu na Bwaise, nikawasisitiza wasitumie ile sabuni ya unga, wakasema ndiyo mzee, nikaenda kunywa chai. Nilirudi nikakuta povu mpaka juu ya paa. Mvua iliyofuata maji yalilala kwenye boneti bapa, hakuna tone, hakuna mbio. Sabuni ile inakomba nta yote, haibakishi.

Mkienda kununua, popote pale, msichukue kopo la dirishani. Ombeni la ndani, la kwenye boksi. Lifungueni pale pale kabla ya kulipa: nta iwe imeshika ukingo wa kopo, isiwe na ufa, kidole kikibonyeza kiache alama. Muuzaji akikataa lisifunguliwe, huyo ameshawajibu.

Nyota ngapi? Duka, sifuri, na kama ingewezekana kuwadai wao nyota ningewadai. Nta, jana ningesema tatu kwa ajili ya yale madoa. Leo nimelitazama gari lilivyopauka tena, nikamkumbuka shangazi wa gomesi, nasema nne. Nne na nusu ikiwa mbichi, nadhani, ingawa mbichi sijaiona.

Wiki hii duka wamenitumia ujumbe kwenye simu, namba yangu ilikuwa kwenye risiti. Wanasema mzigo mpya umefika kutoka nje, na wateja wa zamani tuna punguzo. Mteja wa zamani! Nimeufuta. Halafu nimezunguka mji, na kwingine kote wanauza zile za kwenye foleni, ile yenyewe iko kwao tu. Nimemwambia mama watoto aende yeye. Atasalimia kwa Kiswahili, atafungua kopo mbele ya kijana, atabonyeza kwa kidole, na kalamu ya kugongea anakwenda na yake.